Mwacheni Alale, Kisha Mumsikilize

Leo nina kesi, na kazi niliyojipa ni ya wakili.

Mshtakiwa ni mtu mzima. Miaka ishirini na mitano ameipita, pengine na thelathini pia. Picha ya mahafali ya shahada yake ya kwanza imetundikwa sebuleni, karibu na kalenda ya kanisa. Amefika nyumbani wiki ya Krismasi, amesalimia kila mtu, amekula, kisha amelala. Saa nne asubuhi mabati yameshaanza kulia kwa joto, naye bado yumo kitandani. Mama yake anapita dirishani akikohoa kikohozi kisicho cha homa. Shangazi aliyefika jana kutoka Tororo anauliza kwa sauti ya kusudi: huyu ni mgonjwa, au ndiyo kusoma kwenyewe?

Huyo ni mwanafunzi wa uzamili, au wa uzamifu, aliyekuja likizo. Kila Desemba tunao hapa mpakani mwa Kenya na Uganda, na kila Desemba tunawahukumu kabla ya kuwasikiliza. Nataka kuwatetea. Lakini na wao nitawadai kitu kabla sijamaliza, kwa hiyo wasizime redio wakidhani ushindi umepatikana.

Tuanze na wanakotoka. Wengine hawatoki mbali. Chuo Kikuu cha Busitema kiko hapo kando ya barabara ya Tororo kwenda Jinja tangu mwaka 2007. Upande wa Kenya, Alupe kilikuwa chuo kishiriki cha Moi mpaka kilipopata hati yake mwaka 2022. Mwanafunzi wa vyuo hivyo anaweza kufika kwao kwa bodaboda, begi likiwa mapajani. Wengine wako Maseno, Kakamega, Eldoret na Nairobi. Wengine wako Makerere, kilomita 200 hivi kutoka hapa, na hao si Waganda peke yao. Vijana wa Kenya wamesoma Kampala tangu enzi za Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, kilichoziunganisha Makerere, Nairobi na Dar es Salaam kati ya 1963 na 1970, na hata kabla ya hapo. Halafu kuna wa ng'ambo: Uingereza, Ujerumani, Marekani, Kanada. Hao utawajua kwa jaketi lililobebwa mkononi kwenye jua la Busia, na watoto wanaowafuata kutazama viatu.

Kwa huyu wa ng'ambo Desemba ni majira ya baridi. London, tarehe 21 Desemba, jua huzama kabla ya saa kumi alasiri. Hapa kwetu, jirani kabisa na ikweta, tunaliona mpaka saa moja kasorobo hivi, iwe Juni au Desemba, na hatumshukuru mtu. Chuo kikifungwa, wanafunzi wa shahada ya kwanza wanapanda treni kwenda kwa wazazi wao. Mabweni yanabaki matupu. Anayesalia ni mgeni na mwanafunzi wa ngazi ya juu, na mara nyingi hao wawili ni mtu mmoja. Anasahihisha mitihani ya wadogo wake, maana hiyo ndiyo kazi inayomlipia karo. Analinda majaribio ya maabara ambayo hayajui sikukuu. Tarehe 23 msimamizi wake anamwandikia kwamba sura ya tatu ya tasnifu irudiwe yote, kisha katika barua hiyo hiyo anamtakia Krismasi njema.

Na si kila mmoja anaweza kuja. Nauli ya ndege hupanda Desemba. Mwingine pesa anazo, ila anaogopa akitoka ubalozi umnyime visa ya kurudia, na kazi ya miaka minne ibaki kwenye friji ya maabara. Basi anatafuta unga wa mahindi kwenye duka la Waafrika au la Wahindi, anasonga ugali wake, anapiga simu ya video, na nyumbani wanamwonyesha kuku akinyonyolewa. Hata hiyo ni neema. Vijana waliopelekwa Marekani kwa ndege kwa mpango wa Tom Mboya, kati ya 1959 na 1963, walikuwa na barua tu, na barua ilisafiri kwa hiari yake.

Enzi hizo hizo za miaka ya 1960 kijana wa Kisamia alikuwa Harvard, Aggrey Awori, aliyeiwakilisha Uganda kwenye Olimpiki kama mwanariadha na baadaye, mwaka 2001, akagombea urais wa nchi hiyo. Kaka yake Moody Awori akawa Makamu wa Rais wa Kenya kuanzia 2003 hadi 2008. Ukichukua mwaka 2004, mmoja alikuwa mbunge Kampala na mwenzake amekaa ofisi ya pili kwa ukubwa Nairobi, na wote ni wana wa boma moja. Mtu wa Nyeri akisikia hivyo anashangaa. Mtu wa Funyula hashangai.

Maana likizo ya mwanafunzi wetu ni ya nchi mbili, na hilo watu wa mbali hawalielewi. Krismasi anakula kuku kwa nyanya upande wa Kenya, tarehe 26 anatakiwa kwa mjomba Lumino au Mukuju, upande wa Uganda, asipoenda ni kesi. Siku hizi wanapita na kitambulisho tu. Tangu 2014 Wakenya na Waganda hawana haja ya pasipoti kuvuka kwa matembezi, na mwezi Februari 2018 marais Kenyatta na Museveni walikuja hapa Busia kuzindua kituo cha pamoja ambapo maofisa wa nchi zote mbili wanakaa chini ya paa moja. Njia za panya zingalipo, sitajifanya sizijui, ila mgeni wa Krismasi mwenye suruali iliyopigwa pasi hazimfai. Mbele ya geti anakutana na wale wazee wa mabunda ya noti, shilingi moja ya Kenya kwa 28 hivi za Uganda, inapanda inashuka. Ana laini mbili za simu. Kwa nyanya ni ugali wa muhogo na mtama na omena. Kwa mjomba samaki yule yule anaitwa mukene na kuna matoke pembeni. Tumbo halina uraia.

Sasa marafiki. Hapa pana uchungu kidogo, na huwa hausemwi. Wale aliosoma nao darasa la nane, mmoja ni wakala wa forodha, ana nyumba ya matofali na gari la kubeba mizigo. Mwingine anabadilisha pesa. Mwingine ana pikipiki tatu anazokodisha. Binti aliyekuwa akimwazima kalamu sasa anauza mitumba kwa marobota. Wote wanamzunguka daktari mtarajiwa kwenye kibanda cha soda na wanamwambia, kiongozi, leo ni wewe. Wanaamini aliyesoma sana ana sana. Ukweli ni kwamba huenda yeye ndiye maskini kuliko wote mezani. Posho yake, kama ipo, inaishia kwenye kodi ya chumba. Kama hana ufadhili, anajilipia kwa kufundisha vipindi vya hapa na pale ambavyo malipo yake huchelewa mpaka yasahaulike. Analipa soda hata hivyo. Kisha siku mbili hatoki nyumbani, na sisi tunasema anaringa.

Halafu linakuja lile swali. Linaulizwa kanisani, linaulizwa matangani, linaulizwa na mtu ambaye jina lake mwanafunzi amelisahau: unamaliza lini? Na likishajibiwa linazaa dada zake: utaoa lini, utaolewa lini, kazi umeahidiwa wapi. Msikilizaji, mwanafunzi wa shahada ya kwanza ana tarehe ya kumaliza kama mimba. Wa uzamifu hana. Lazima apate jambo ambalo hakuna mtu aliyewahi kuligundua, alithibitishe, aandike mamia ya kurasa, na vyuo vingi vinamtaka pia awe amechapisha makala kwenye majarida ya kitaaluma, ambako wahakiki asiowajua wanaweza kukaa nayo nusu mwaka kisha waikatae kwa mistari minne. Msimamizi akisafiri, anasubiri. Msimamizi akistaafu, anaanza upya na mwingine. Mwaka 2020 korona ilifunga mipaka na vyuo, na Uganda shule zilikaa karibu miaka miwili ndipo zikafunguliwa kikamilifu Januari 2022. Utafiti wa mtu aliyekuwa amepanga kuwahoji wanafunzi madarasani ulikufa wima. Mtu wa namna hiyo ukimwuliza anamaliza lini, hujamwuliza swali. Umempiga.

Kwa hiyo akilala mpaka saa nne, mwacheni. Pengine amelala vizuri kwa mara ya kwanza tangu Agosti.

Huo ndio utetezi. Sasa lile deni.

Watu wa Busia na Tororo tumechunguzwa mno. Sitanii. Mwaka 1998 ulianza mradi katika shule 75 za msingi za wilaya ya Busia ya wakati ule, zenye wanafunzi zaidi ya 30,000. Dawa za minyoo ziligawiwa kwa zamu, kundi hili la shule likitangulia na lile likisubiri, ili walinganishwe. Waliouongoza ni Michael Kremer, Mmarekani aliyewahi kufundisha sekondari huku magharibi mwa Kenya akiwa kijana, na Edward Miguel, ambaye kazi hii aliianza akiwa bado mwanafunzi wa uzamifu Harvard. Sikia hapo: mwanafunzi, wa daraja lile lile la huyu tunayemkoholea dirishani. Makala yao ilitoka mwaka 2004. Walikuta utoro shuleni umepungua kwa robo, na kwamba hata mtoto ambaye hakumeza dawa alifaidika, kwa sababu wenzake walipopona hawakusambaza tena mayai ya minyoo kwenye udongo wanaochezea wote. Wale watoto walifuatiliwa miaka 20, wengine wakitafutwa mpaka Nairobi na Uganda walikohamia. Matokeo yaliyochapishwa 2021 yanasema waliopata miaka miwili mitatu zaidi ya dawa walikuja kuwa na matumizi ya juu kwa asilimia 14 na mapato ya saa moja ya kazi ya juu kwa asilimia 13. Wapo wanasayansi waliozibishia hesabu hizo, mwaka 2015 waligombana hadharani, na ni vizuri. Ndiyo kazi yao. Ila mwaka 2019 Kremer, pamoja na Abhijit Banerjee na Esther Duflo, alipewa Tuzo ya Nobeli ya Uchumi, na majaribio ya shule za magharibi mwa Kenya ndiyo yaliyotajwa kama chanzo cha njia yao.

Si minyoo tu. Pale Bumala, Pascaline Dupas na Jonathan Robinson waliwafungulia akaunti za benki ya kijiji wauzaji wa sokoni na waendeshaji wa baiskeli za bodaboda. Walichapisha mwaka 2013. Akina mama wa sokoni waliweka akiba na kuongeza mtaji. Wanaume wa baiskeli, hakuna kilichoonekana kubadilika. Sisi wanaume tupite hapo haraka. Dupas huyo huyo na Jessica Cohen walijaribu kwenye zahanati za huku magharibi kama chandarua kiuzwe au kitolewe bure kwa wajawazito. Makala ya 2010 ikaonyesha kwamba bei ilipofika hata shilingi 40 tu, wengi waliacha kukichukua, na waliopewa bure walikilalia sawasawa na waliolipa. Hoja hiyo iliingia kwenye mjadala wa dunia nzima kuhusu vyandarua. Ilitoka kwenye foleni ya kliniki za mama zetu.

Na Tororo? Utafiti uliochapishwa 2006 ulikadiria kwamba mtu wa Tororo aliumwa na mbu wenye vimelea vya malaria mara 562 kwa mwaka. Hiyo ni zaidi ya mara moja kila usiku, na kila mmoja wao angeweza kukulaza hospitali. Pale Nagongera watafiti wa Makerere, akiwemo Profesa Moses Kamya, pamoja na wenzao wa San Francisco, wamezifuata familia mwaka hadi mwaka, wakipima damu ya watoto na kunasa mbu vyumbani. Unyunyiziaji wa dawa kwenye kuta ulipoanza Desemba 2014, ni daftari zao zilizoonyesha malaria ikianguka. Usiseme basi kwamba sayansi hii ni ya wazungu peke yao.

Lakini nikuulize wewe uliyejibu maswali. Kijana wa tableti alikuja kwako mara ngapi? Una kuku wangapi, ulikula nini jana, mtoto wa pili alizaliwa lini, una mke mmoja au zaidi. Ulijibu yote, ukatia kidole gumba kwenye fomu. Majibu uliletewa? Makala zote hizo ziko kwa Kiingereza kizito, na nyingine hata mhadhiri wa hapa anadaiwa dola azisome. Binti aliyemeza kidonge cha minyoo mwaka 1999 leo ni mama mwenye watoto sekondari, na inawezekana kabisa hajui kwamba yumo ndani ya hesabu iliyokwenda Stockholm.

Hapo ndipo ninapomdai mshtakiwa wangu. Wewe unayelala mpaka saa nne, ndiye unayekijua kile Kiingereza na ndiye unayeijua lugha ya nyanya. Hakuna mwingine. Profesa wa California hana Lusamia, na nyanya hana haja ya Kiingereza.

Wiki iliyopita nililiona deni hilo likilipwa. Kwa jirani yangu Mteso kulikuwa na chungu cha pombe ya ajono, wazee wamekizunguka na mirija yao mirefu, na binti wa nyumba, anayesomea magonjwa ya mimea, akaombwa aeleze anachokifanya huko chuoni. Mwanzo alibabaika, maneno yote yalikuja kwa Kiingereza. Kisha akaanza na muhogo, mmea ambao kila mzee pale anaujua. Akaeleza batobato, ule ugonjwa mkali ulioteketeza mashamba ya Uganda tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 na kuvuka kuja magharibi mwa Kenya katikati ya miaka ya 1990. Akaeleza michirizi ya kahawia, inayoozesha muhogo ardhini wakati majani yanaonekana salama. Akawaonyesha kwenye jani la uani wale inzi weupe wadogo wanaoyabeba magonjwa hayo. Wazee waliacha kunyonya, na hilo si jambo dogo.

Kisha mzee mmoja akauliza: sisi miche tunapeana na wakwe zetu ng'ambo ya mto, usiku au mchana, hakuna anayeandika, hiyo umeihesabu? Binti akanyamaza. Hesabu yake ilikuwa ya wilaya za nchi moja, kwa sababu kibali chake cha utafiti ni cha nchi moja. Alitoa simu akaandika swali la mzee. Sijui msimamizi atasema nini, lakini kwa maoni yangu swali lile lina uzito wa sura nzima ya tasnifu, na lilipatikana bure kwa mtu asiyemaliza darasa la tano.

Wazee wanajua mambo ya mpaka huu ambayo ramani imeyaficha. Mpaka mwaka 1902 upande wote huu wa Kenya ulikuwa Jimbo la Mashariki la Uganda. Mkono wa mkoloni ukasogeza mstari, na hakuna mtu aliyehama nyumba yake. Mwaka 1976 Idi Amin akataka kuurudisha kwa maneno, na babu zetu wakakaa wiki kadhaa wasijue Pasaka wataila nchi gani. Waliobaki na kumbukumbu hizo wanapungua kila Desemba. Mwanafunzi wa historia anayekwenda kutafuta nyaraka London angeanzia jikoni kwao.

Basi nawaomba hivi. Wazazi, swali la lini liwekeni kando likizo hii. Muulizeni anachunguza nini, amekuta nini, kina faida gani kwa mtu wa Nambale au wa Molo ya Tororo, na mumpe jioni moja bila televisheni. Asipoeleweka, mwambieni hamjaelewa, arudie. Machifu, na wenyeviti wa LC upande wa Uganda, baraza la Januari mmpe mmoja wao robo saa. Wachungaji na maimamu, baada ya matangazo ya harambee mnaweza kuwaachia dakika kumi. Hapa studio mlango uko wazi kwa Kiswahili, Ateso, Lusamia na Dhopadhola.

Na wewe mwanafunzi, amka sasa, ni saa tano. Vyuo vinafunguliwa wiki ijayo, mabasi ya Nairobi na Kampala yameanza kujaa, na kuna watu nyumbani kwenu waliojibu maswali ya watafiti kabla hujaingia chekechea. Waambie yalizaa nini kabla hujaondoka.